RICHARD WA TATU: MFALME ALIYELALA CHINI YA MAEGESHO

Najua ukilifungua jarida hili unatarajia maisha ya mashujaa, watu ambao sifa zao zimeimbwa hadi zikachuja. Mimi nimemchagua mtu ambaye wengi hawamwiti shujaa hata kidogo. Alikuwa mfalme wa Uingereza, alikalia kiti cha enzi miaka miwili na miezi miwili tu, akauawa vitani akiwa na umri wa miaka 32, na tangu hapo jina lake likapakwa matope kwa zaidi ya karne tano. Nimemchagua kwa sababu ni miongoni mwa watu wachache wa kale ambao mifupa yao ilifukuliwa, ikaulizwa swali baada ya swali, ikajibu. Na majibu yenyewe, kama utakavyoona, hayakumfurahisha kila mtu.

Wale waliosoma Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, tamthilia alizozitafsiri Mwalimu Julius Nyerere, wanamjua William Shakespeare. Huyo ndiye aliyeandika, mwanzoni mwa miaka ya 1590, tamthilia juu ya Richard wa Tatu. Humo alimchora mfalme huyu kuwa kibyongo mwenye mkono uliokauka na roho nyeusi kama masizi, mtu wa kuua ndugu na watoto bila kupepesa jicho. Lakini tusisahau kwamba Shakespeare alizaliwa karibu miaka 80 baada ya Richard kufa, na malkia aliyetawala wakati huo, Elizabeth, alikuwa mjukuu wa yule yule aliyemnyang'anya Richard taji. Sasa wewe fikiria, ni mwandishi gani wa mjini London angethubutu kumsifu?

Upande wa pili wakazuka watetezi. Mwaka wa 1924 waliunda chama chao huko Uingereza, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kibyongo ni uzushi mtupu wa maadui. Tena hawakusema hivi hivi tu. Kuna picha ya kale ya mfalme huyu iliyopigwa eksirei, ikaonekana kwamba bega lililoinuka lilichorwa baadaye juu ya bega lililokuwa sawa. Kumbe! Watetezi wakashangilia. Kama mgongo ni uongo, walisema, basi huenda na mauaji ya watoto ni uongo vilevile. Shika hoja hiyo, ndugu msomaji, tutaihitaji mbele.

Richard alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1452 katika ngome ya Fotheringhay. Baba yake alikuwa Duke wa York, na wakati huo koo mbili za kifalme, York na Lancaster, zilikuwa zikipigania kiti cha enzi kama fahali wawili katika zizi moja. Mwezi wa Desemba 1460 baba aliuawa vitani karibu na Wakefield pamoja na kaka mmoja wa Richard. Kichwa cha mzee kilitundikwa juu ya lango la mji wa York ili wapita njia wakione. Richard alikuwa na miaka 8. Mama alimsafirisha yeye na kaka yake George hadi ng'ambo, katika mji wa Utrecht, ili wasije wakaangamia nao. Lakini mambo yaligeuka upesi. Miezi michache baadaye kaka yao mkubwa, Edward, aliwashinda maadui akawa Mfalme Edward wa Nne. Wale wakimbizi wadogo wakarudi nyumbani kama wana wa kifalme, na Richard akapewa cheo cha Duke wa Gloucester.

Alilelewa miaka kadhaa huko kaskazini, katika ngome ya Middleham, akijifunza kupanda farasi na kutumia upanga kama vijana wa tabaka lake. Ni wakati huo huo, alipokuwa akivuka umri wa miaka 10 kuelekea ujanani, ambapo kitu fulani kilianza kutendeka mwilini mwake. Nitakieleza tukifika kaburini.

Kwa kaka yake mfalme, Richard alikuwa mtiifu hasa. Mwaka wa 1470 Edward alipopinduliwa akakimbilia ng'ambo, Richard alikimbia naye. Mwaka wa 1471 walirudi, na kijana huyo wa miaka 18 aliongoza kikosi katika mapigano makali ya Barnet na Tewkesbury hadi taji likarudi kwa kaka yake. George ndiye aliyekuwa kigeugeu. Alimsaliti mfalme, akasamehewa, akarudia vituko vyake, na mwaka wa 1478 akauawa kwa amri ya kaka yake mwenyewe. Richard kwa upande wake alimwoa Anne Neville, akapata mtoto mmoja wa ndoa aliyeitwa Edward, akakabidhiwa maeneo ya kaskazini ayatawale kwa niaba ya mfalme. Watu wa mji wa York walimpenda. Laiti angekufa wakati huo, leo angekumbukwa kuwa ndugu mwaminifu, na labda mimi nisingekuwa na habari ya kuandika.

Tarehe 9 Aprili 1483 Edward wa Nne alifariki ghafla. Aliacha wana wawili: Edward, miaka 12, ambaye sasa ndiye mfalme, na Richard mdogo, miaka 9. Amu yao akawekwa kuwa mlinzi wa nchi hadi mtoto akomae. Watoto wakapelekwa katika Mnara wa London, ambao siku hizo ulikuwa ngome na makao ya kifalme pia, ati kungojea siku ya kutawazwa. Siku hiyo haikuja. Mwezi wa Juni amu aliamuru Lord Hastings, rafiki mkubwa wa marehemu, akatwe kichwa bila kesi. Kisha ikatangazwa kwamba ndoa ya wazazi wa watoto wale haikuwa halali, kwa madai kwamba Edward wa Nne alikuwa amemwahidi mwanamke mwingine ndoa kabla, na kwa hivyo watoto hawawezi kurithi. Tarehe 6 Julai 1483 taji likatua kichwani mwa amu. Watoto walionekana mara kadhaa majira yale wakicheza kwenye uwanja wa Mnara, kisha mara chache, kisha hawakuonekana tena. Hadi leo.

Nisije nikamwonea, niseme pia kwamba utawala wake haukuwa wa giza tupu. Bunge lake la mwaka wa 1484 lilipitisha sheria ya kuwawezesha washukiwa kupewa dhamana wasiozee jela kabla ya kesi kusikizwa, na lilipiga marufuku michango ya lazima ambayo wafalme waliwakamua matajiri. Lakini nyumbani kwake msiba ulibisha hodi mara mbili. Mwaka huo wa 1484 mwanawe wa pekee wa ndoa alifariki. Mwezi wa Machi 1485 mkewe Anne naye akamfuata, siku ambayo jua lilipatwa. Ukiwa mfalme wa kutiliwa shaka, halafu jua lifiche uso siku ya kifo cha mke wako, watu watasema nini? Walisema.

Na kule Ufaransa Henry Tudor alikuwa akijiandaa. Alitua Wales mwezi wa Agosti, na tarehe 22 Agosti 1485 majeshi yakakutana karibu na mji mdogo wa Bosworth. Richard alikuwa na watu wengi zaidi, lakini wapi! Kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu wawili wa ukoo wa Stanley walisimama kando na majeshi yao, wakitazama upepo unavuma upande gani. Richard alipomwona Henry kwa mbali na walinzi wachache, aliamua kumaliza kazi mwenyewe. Aliteremka na wapanda farasi wake kama radi, akamwua mbeba bendera wa Henry, akabakiza hatua chache tu. Hapo ndipo Sir William Stanley alipoingilia, upande wa Henry. Richard alizingirwa, farasi wake akapotea, akapigana kwa miguu hadi akaangushwa. Hata waandishi waliomchukia walikiri kwamba alikufa kishujaa. Ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kufia vitani.

Maiti yake ilivuliwa nguo zote, ikatupwa juu ya mgongo wa farasi, ikapelekwa mjini Leicester na kuanikwa hadharani ili kila mtu ajue kwamba amekufa kweli. Watawa wa Kifransisko wakaizika kanisani mwao. Miaka kumi baadaye Henry, sasa Mfalme Henry wa Saba, alilipia kaburi la jiwe. Lakini mwaka wa 1538, katika utawala wa mwanawe, nyumba ile ya watawa ilifungwa na kubomolewa. Hapo uvumi ukaanza kwamba mifupa ilifukuliwa ikatupwa katika mto Soar. Watu waliamini hivyo kwa karne kadhaa. Mwaka wa 1612 mgeni mmoja aitwaye Christopher Wren aliona nguzo ya mawe katika bustani ya tajiri wa mji, ikiwa na maandishi kwamba hapo ndipo alipolala Richard. Kisha nguzo ikatoweka, bustani ikajengwa, mji ukapanuka, na mwisho wa yote mahali pale pakawa maegesho ya magari ya ofisi ya huduma za jamii.

Aliyeshikilia kwamba mfalme bado yumo humo ni mwanamke aitwaye Philippa Langley, mwanachama wa kile chama cha watetezi. Si mwanahistoria wa chuo kikuu. Fedha zilipopungua, wanachama wenzake duniani walichanga, harambee kabisa. Wachimbuaji wa Chuo Kikuu cha Leicester wakiongozwa na Richard Buckley walianza kazi tarehe 25 Agosti 2012, na siku hiyo hiyo ya kwanza, si mbali na alama ya herufi R iliyopakwa rangi kuonyesha nafasi ya gari iliyotengwa, wakaona mifupa ya miguu. Hawakushangilia. Nyumba ya watawa inaweza kuwa na makaburi mengi. Waliifunika, wakachimba mitaro zaidi hadi walipojua ramani ya jengo lote, na walipogundua kwamba mifupa ile imelala katika sehemu ya kanisa iliyotengewa watu wenye heshima, hapo ndipo walipoifukua yote mwanzoni mwa Septemba.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kazi ya kumtambua mtu kwa mifupa yake ndiyo hiyo hiyo hufanywa leo polisi wanapokuta mabaki msituni. Hawaanzi kwa kuuliza huyu ni fulani? Wanaanza kwa kuuliza huyu ni mtu wa namna gani? Jina huja mwisho.

Kaburi lenyewe lilisema kitu. Lilikuwa fupi, limechimbwa haraka haraka, halina jeneza wala dalili ya sanda. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa kukosa nafasi. Mikono ilikutana karibu na viganja kana kwamba ilikuwa imefungwa. Nyayo hazikuwako. Ujenzi wa baadaye ulikata hapo, na ungesogea kidogo tu tusingekuwa na kisa hiki.

Jo Appleby, mtaalamu wa mifupa, alianza na fupanyonga. Sisi tunaosoma baiolojia tunajua kwamba fupanyonga la mwanamke ni pana ili mtoto apite, na la mwanamume ni jembamba. Hili lilikuwa la mwanamume, ingawa mifupa yake ilikuwa laini na myembamba isiyo ya mtu wa misuli. Kisha umri. Mifupa ya kijana ina miisho ambayo haijaungana na mfupa wenyewe, nayo huungana kwa ratiba inayojulikana, ule wa mtulinga karibu na kidari ukiwa wa mwisho mwisho. Baada ya hapo mtu husomwa kwa kuchakaa kwa viungo. Huyu alikuwa kati ya mwisho wa miaka ishirini na mwisho wa miaka thelathini. Richard, kumbuka, alikufa na miaka 32. Urefu hukisiwa kwa kupima mifupa mirefu, hasa wa paja. (Kanuni zinazotumika sana za hesabu hiyo zilichapishwa mwaka wa 1952 na Mildred Trotter na Goldine Gleser wa Marekani, baada ya kupima mifupa ya askari waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili. Hata maiti wa vita hufundisha.) Huyu angekuwa na kimo cha sentimita 173 hivi, kama mgongo wake ungekuwa umenyooka.

Haukuwa umenyooka. Walipofunua udongo juu ya uti wa mgongo waliuona umejipinda kando kama herufi S. Ugonjwa huo huitwa skoliosi. Pingili zenyewe zilikuwa zimekua kwa kupinda, jambo linaloonyesha kwamba hakuzaliwa nao bali ulimwanza baada ya umri wa miaka 10 hivi. Ndicho kile kilichokuwa kikimtendekea kule Middleham alipokuwa akijifunza upanga. Bega la kulia lazima lilikuwa juu kuliko la kushoto, na John Rous, mwandishi aliyeishi wakati wake, alikuwa ameandika hivyo hivyo. Kwa hivyo watetezi walikosea: mgongo haukuwa uzushi. Lakini na maadui walitia chumvi. Kupinda kwa kando si kibyongo cha kuinamisha kichwa mbele, na mikono yote miwili ilikuwa mizima kabisa. Akivaa nguo zilizoshonwa vizuri, au deraya, wengi wasingetambua kitu. Mimi ninachostaajabia ni kwamba mtu mwenye mgongo ule alipanda farasi na kupigana vita vikubwa vitatu, na katika cha mwisho akakaribia kumfikia adui yake kwa mkono wake mwenyewe. Tamthilia haisemi hilo.

Kisha majeraha. Utajuaje kwamba mfupa ulivunjwa mtu alipokuwa akifa na si karne nne baadaye na sululu ya mjenzi? Chukua kijiti kibichi ukivunje, kisha chukua kikavu. Havivunjiki sawa. Mfupa mbichi ni hivyo hivyo, na pia ukikata mtu akaendelea kuishi, kingo za kidonda huanza kupona na kuwa za mviringo. Katika mifupa hii yalihesabiwa majeraha 11 ambayo kingo zake hazikuwahi kupona, na 9 kati yake yalikuwa kichwani. Mawili yalikuwa chini ya fuvu kwa nyuma: moja lilikata kipande kikubwa, lingine lilipenya ndani hadi upande wa pili. Lolote kati ya hayo lingeua papo hapo. Mikononi hakukuwa na majeraha ya mtu anayejikinga, maana yake deraya ilikuwa bado mwilini, lakini kofia ya chuma ilikuwa imetoka au imeng'olewa. Halafu kuna jeraha la fupanyonga, lililopigwa kutoka nyuma, mahali ambapo deraya ingelizuia. Wataalamu wanadhani alichomwa akiwa tayari amekufa, uchi, juu ya yule farasi. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Mfalme au si mfalme, mwovu au si mwovu, huo ni unyama.

Umri wa mifupa yenyewe ulipimwa kwa kaboni katika maabara mbili, na hapo pakatokea mtihani. Majibu ya kwanza yaliangukia kati ya mwaka wa 1412 na 1460 hivi, mapema mno kwa mtu aliyekufa 1485! Lakini mtu anayekula samaki wa baharini kwa wingi huingiza mwilini kaboni ya zamani, na mifupa yake huonekana mikongwe kuliko ilivyo. Hesabu iliposahihishwa kwa chakula hicho, tarehe zikasogea hadi kati ya miaka ya 1450 na 1540. Na kwamba alikula vizuri hilo halina shaka. Meno huumbika utotoni na hayabadiliki tena, mfupa wa paja hubeba habari za miaka kumi au zaidi ya mwisho, na ubavu hubeba za miaka michache tu kabla ya kifo. Kwa hivyo ukipima vyote vitatu unasoma maisha kama sura za kitabu. Ubavu wa mtu huyu ulionyesha kwamba miaka yake ya mwisho alihamia chakula cha kianasa zaidi, ndege wa porini, samaki wa maji baridi, na mvinyo mwingi. Ni miaka ile ile aliyokuwa mfalme. Na katika udongo wa mahali palipokuwa na matumbo yalipatikana mayai ya minyoo, ile mviringo tunayopewa dawa yake shuleni. Kumbe hata ikulu hawakunawa mikono.

Lakini haya yote bado hayajatupa jina. Wanaume wa miaka thelathini na kitu waliokufa vitani walikuwa wengi, na wenye skoliosi hawakuwa mmoja. Jina lilitoka kwa akina mama. Katika seli zetu kuna mitokondria, na vinasaba vya mitokondria kila mtoto hupewa na mama peke yake. Mvulana huwa navyo lakini hawezi kuvipitisha mbele. Richard hakuwa na kizazi kilichosalia, lakini alikuwa na dada, Anne wa York. Mwanahistoria John Ashdown-Hill alikuwa amefuata ukoo huo, kutoka kwa mama hadi kwa binti hadi kwa binti, akafika kwa mwanamke mmoja huko Kanada. Mwanawe alikuwa seremala mjini London. Turi King, mtaalamu wa vinasaba, alichukua mate ya seremala huyo na unga wa jino la mtu wa kaburini, akalinganisha. Zilikuwa sawa kabisa, baada ya vizazi 17! Mtu wa pili wa ukoo huo huo, kupitia tawi jingine, alipimwa naye akatofautiana kwa herufi moja tu. Zaidi ya hayo, aina hiyo ya vinasaba ni adimu, kwa hivyo bahati nasibu haikuwa jibu. Tarehe 4 Februari 2013 chuo kilitangaza kwamba huyu ndiye Richard wa Tatu. Mwishoni mwa 2014, ushahidi wote ulipowekwa pamoja kwenye mizani, uhakika ulihesabiwa kuwa asilimia 99.999.

Upande wa baba ulileta kichekesho. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, nayo ilipolinganishwa na ya wanaume walio hai ambao maandishi yanasema ni wa ukoo mmoja na Richard, haikuoana. Maana yake, mahali fulani katika karne hizo, mama mmoja alijua jambo ambalo waandishi wa nasaba hawakuambiwa. Magazeti ya Uingereza yalicheka sana. Wanasayansi walieleza kwamba jambo hilo katika vizazi vingi namna hiyo ni la kutarajiwa, na halipunguzi uzito wa ushahidi wa upande wa mama.

Baada ya hapo ukazuka ugomvi kama maiti izikwe York au Leicester, ukafika hadi mahakamani. Sisi Wakenya hatushangazwi na kesi za mazishi. Leicester ilishinda mwaka wa 2014, na tarehe 26 Machi 2015 Richard alizikwa upya katika kanisa kuu la mji huo, ndani ya jeneza la mwaloni lililotengenezwa na yule yule seremala mwenye damu yake.

Sasa turudi kwa ile hoja niliyokuomba uishike. Watetezi walisema mgongo ukiwa uongo basi na mauaji huenda ni uongo. Mgongo umekuwa kweli. Je, na mauaji yawe kweli? Mimi nasema hapana, haifuati, kama vile ambavyo isingefuata kinyume chake. Mifupa ya Richard imetuambia alikula nini, alisimama vipi na alipigwa wapi. Haijui aliwafanyia nini watoto wa kaka yake. Kuna wasomaji wanaodhani kwamba kaburi lile lilimsafisha, na wengine wanadhani lilimhukumu. Halikufanya lolote kati ya hayo, na kosa la kale, la kusoma roho ya mtu kwenye mgongo wake, lisirudiwe na sisi wenye maabara.

Mifupa inayohusika na swali hilo ni mingine. Mwaka wa 1674 vibarua waliokuwa wakibomoa ngazi katika Mnara wa London walikuta sanduku lenye mifupa ya watoto wawili. Mfalme Charles wa Pili aliamuru iwekwe katika chombo cha marumaru ndani ya Westminster Abbey. Mwaka wa 1933 chombo kilifunguliwa, daktari akapima meno na mifupa kwa ujuzi wa siku zile, akaona umri unakaribiana na wa wale watoto. Hakuweza kusema kwa uhakika kama walikuwa wavulana, kwa sababu mifupa ya mtoto ambaye hajabalehe haionyeshi vizuri jinsia. Upimaji wa vinasaba ulikuwa haujulikani bado. Kikafungwa.

Leo vingeweza kupimwa. Watoto wale walikuwa wana wa Edward wa Nne, na Edward na Richard, kwa mujibu wa maandishi ya ukoo, walikuwa wa baba mmoja. Ikiwa ni hivyo, kromosomu Y ya watoto na ya amu yao ni moja, na ya amu tayari imesomwa. Kwa hivyo mtu anayeshukiwa kuwaua ndiye aliyeacha kipimo cha kuwatambua. Chombo chenyewe kilichorwa na Christopher Wren, mwana wa yule Wren aliyeiona nguzo bustanini Leicester. Kiko pale Westminster, na tangu 1933 hakijafunguliwa.